Safari ya Tatu ya Kumrudisha Kaniba

Kabla ya saa nne asubuhi, kwenye sherehe ya jina, Tenin Kuyate alikuwa ameshamwita mtoto wa siku saba simba, baba yake mlima, na babu yake, ambaye kijiji kizima kilijua hajawahi kumkatia mgeni hata paja la kuku, akamwita mkono usiofumbwa. Sasa alikuwa amekaa uani kwake juu ya kigoda, kilemba amekivua, anasukutua koo kwa maji ya tangawizi. Hakutaka kuulizwa jambo na mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Alikuwa jeli, binti wa jeli, mjukuu wa jeli. Kwa watu wa kwao kazi hiyo haiombwi, unazaliwa nayo kama unavyozaliwa na masikio. Muungwana akiwa na neno zito halisemi mwenyewe. Analinong'ona, na jeli ndiye anayelisema kwa sauti, amelivisha na kulipaka mafuta, mpaka aliyelinong'ona akilisikia anashangaa kumbe ana akili kiasi hicho. Harusi, jina la mtoto, msiba, posa, ugomvi wa mpaka wa shamba, bila jeli hakuna kinachokwenda. Tenin alianza kuimba ana miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na hamsini na saba. Hebu fikiria ni simba wangapi aliowataja.

Watu walidhani anaipenda kazi yake kwa sababu anaifanya kwa uso mkunjufu. Alikuwa ameichoka. Hakuichukia, maana kuchukia nako kunataka nguvu. Alichoka kusimama juani mbele ya watu wanaosubiri kutajwa. Alichoka na yale macho: mtu mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, anakutazama kama kifaranga anayetazama mkono wenye mtama. Zaidi ya yote alichoka kujua. Jeli lazima aujue ukoo wa kila mtu mpaka babu wa saba, na huwezi kuujua wema wa watu mpaka babu wa saba usiujue na uchafu wao. Wema unauimba ukaisha. Uchafu unabaki nao, na tumbo la mtu mmoja si ghala.

Mwaka wa uchaguzi walikuja wagombea watatu siku moja, naye akamwimbia kila mmoja kuwa ndiye jua la wilaya. Alipofika nyumbani mumewe, Jelimadi Jabate, alimtazama weee, kisha akasema, "Majua matatu. Si tutaungua?" Walicheka mpaka wakapaliwa. Lakini hicho kilikuwa kicheko cha watu wanaojua wanachokicheka, na Tenin alilala bila kula.

Zamani kazi ya kupeleka kola, zile kokwa chungu zinazotafunwa kwa heshima, ilikuwa ya Jelimadi. Mtu akitaka kuposa, kuomba radhi, au kumrudisha mke aliyekimbilia kwao, anampa jeli wake kokwa kumi za kola pamoja na maneno, na jeli anakwenda kuyasema maneno na kuiweka kola mbele ya wakwe. Miaka kumi na mmoja nyuma kiharusi kilimpiga Jelimadi, kikamwachia mkono mmoja wa kushikia zeze na ulimi mzito unaotoa neno moja moja, kana kwamba kila neno analinunua. Tenin akairithi kazi ile mumewe angali hai. Wazee waligunaguna, eti mwanamke apeleke kola kwenye baraza la wanaume? Kisha wakanyamaza, kwa kuwa hakuna kola iliyowahi kurudi kutoka mkononi mwake.

Kola ikirudi, neno limekataliwa. Ila kabla haijarudi, jeli ana silaha ya mwisho, nayo ni kupiga magoti. Jeli akikupigia magoti kuomba jambo ukamnyima, umekitafutia kizazi chako balaa, na hakuna mzee mwenye akili timamu anayethubutu. Tenin alipiga magoti mara mbili tu katika miaka yote hiyo. Kwa kawaida ulimi ulitosha.

Basi alikuwa pale uani anasukutua koo, mara akasikia pikipiki. Hakuhitaji kuinua kichwa. Pikipiki ile ilikuwa ya Zumana Dembele, na Zumana alikuwa na tabia ya kuizima baada ya kuingia uani, si kabla.

"Kuyate!"

"Dembele," aliitikia Tenin, kwa sauti iliyobaki. "Umeamkaje? Mama hajambo? Watoto? Ng'ombe?"

"Wote wazima." Zumana alimtupia mapajani kifurushi cha majani mabichi. "Kola kumi hizo. Kaniba ameenda kwao."

"Tena?"

"Tena. Si unamjua."

Tenin alimjua. Juzi alasiri kina mama waliokuwa kisimani walimwona Kaniba, mke wa Zumana, akishika njia ya Sirakoro, kijiji cha baba yake, miguu mitupu, kiganja amekibana kwenye sikio la kushoto, damu imemchuruzika mpaka begani. Aliwapita bila kuwasalimu. Mwanamke wa huko akipita watu bila kuwasalimu, ujue yamemfika.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, lilikuwa kofi, na Tenin alimrudisha siku ya nne. Mara ya pili, masika ya mwaka jana, ulikuwa mkono uliovunjika juu ya kiwiko. Siku hiyo Tenin aliongea mbele ya wazee wa Sirakoro mpaka wawili wao wakajifuta macho kwa pindo za kanzu, na Kaniba mwenyewe akatoka ndani, mkono umefungwa kwa vijiti, akasema yuko tayari kwenda.

"Sikio umemfanya nini?" aliuliza Tenin.

"Alinijibu."

"Alikujibu."

"Ndiyo, alinijibu! Sasa mama Tenin, wewe ni jeli wangu au ni wakili wake?"

Alikuwa jeli wake, hilo halikuwa na ubishi. Akina Dembele walikuwa wamewatunza akina Jabate vizazi vinne. Shamba walilolima Tenin na Jelimadi lilikuwa la Dembele, na bati lililowafunika lilitoka kwa marehemu baba yake Zumana, mtu mwema ambaye alikufa mapema kama kawaida ya watu wema. Na Zumana huyu, siku aliyopewa jina, Tenin ndiye aliyemwimba. Alimwita radi, mpasua miamba, mwanamume asiyerudishiwa neno. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Zumana alianza kusifiwa hata kitovu hakijakauka.

"Haya," alisema Tenin. "Nipe maneno."

Zumana hakukaa. Alisimama, mkono mmoja kwenye usukani, akasema kama mtu anayeagiza sabuni dukani.

"Mwambie mzee wake, ng'ombe wanne nimetoa mimi. Sikuwatoa ili nipate mgeni wa kuja na kuondoka. Mwambie Kaniba mtama umekomaa, wavunaji wanaanza Alhamisi, na hakuna wa kuwapikia. Alhamisi nimkute jikoni. Na kama anarudi na kilio chake, aje nacho tu, nitampa cha kulilia. Sikio bado analo moja."

"Hayo ndiyo maneno?"

"Si utayatengeneza wewe? Ndiyo kazi yako. Marehemu baba alikuwa anasema, maneno ya Dembele yanatoka mabichi, Jabate ndio wapishi." Akacheka, akawasha pikipiki humohumo uani, kuku wakatawanyika.

Jelimadi alikuwa amekaa kivulini pa ukuta, zeze mapajani, amesikia kila kitu. Tenin alimgeukia.

"Nisipokwenda atampa kola jeli mwingine," alisema. "Wako wengi, na njaa wanayo."

Jelimadi alitikisa kichwa kukubali.

"Shamba," alisema.

"Najua."

"Bati."

"Najua, baba watoto. Nimesema siendi?"

Tenin akaanza kufunga kilemba chake. Alipokuwa anachomeka pindo la mwisho, mumewe alifungua tena kinywa, akahangaika nacho, shavu likimcheza, mpaka neno likatoka.

"Sikio," alisema.

Tenin alichukua kifurushi cha kola, akakitia kwenye mfuko wake wa safari, akatoka.

Njia ya Sirakoro alipanda mkokoteni wa punda wa Ntyi Kulubali, kijana mmoja mkorofi wa mdomo. Akina Kulubali ni watani wa dunia nzima, na kosa lao, tangu enzi za mababu, ni kwamba wanakula kunde. Hata kama hawajala, wamekula.

"Panda, Mama Kuyate! Ila tafadhali usimsifu punda wangu. Utamwambia babu yake alikuwa farasi, agome kuvuta."

"Funga mdomo, mla kunde. Huyo punda havuti, anakimbia harufu yako."

"Harufu yangu inakwisha upepo ukivuma. Yenu ninyi majeli je? Mnamsifu mwizi leo, mpaka mjukuu wake anaiba kwa fahari."

Tenin alicheka, maana mtani lazima umcheke, hata akikuchoma. Kisha kicheko kikamkauka. Ntyi aliona, akaacha utani, akamsemesha punda.

Njia nzima Tenin alifanya kazi yake. Kwa mbali ungedhani ni mama mtu mzima anasinzia, lakini alikuwa anapika. Alianza na wale ng'ombe wanne. Hao ni rahisi: Zumana anasema alikutoa kwenu kwa heshima kuu, na heshima hiyo haijapungua hata ukwato mmoja. Mavuno nayo hayakumsumbua: mtama umekomaa, baba, lakini nyumba isiyo na mwenye nyumba inavuna makapi. Alhamisi ikawa siku ambayo mume amejiwekea ya kumpokea mkewe. Kilio kikawa machozi atakayoyafuta kwa mkono wake mwenyewe. Yote yalikaa mahali pake, moja baada ya moja, kama ukili katika mkono uliozoea kusuka. Hakuona raha yoyote. Zamani, akipata sentensi nzuri namna hiyo, mwili ulikuwa unamsisimka. Sasa alikuwa kama mtu anayechambua mchele usiku wa kumi wa msiba.

Lile la sikio lilikataa kupikika. Aliligeuza huku na huku mpaka walipovuka kijito, kisha akaamua kuliacha. Si mara ya kwanza kuacha neno njiani.

Moriba Samake, baba yake Kaniba, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mpole, mwembamba, mwenye aibu ya kuzaliwa, mtu wa kuomba radhi hata kwa jiwe lililomkwaza. Salamu zilichukua muda wake: Kuyate, Samake, Kuyate, Samake, wazima, wazima, Mungu atuonyeshe mwaka mwingine, amina. Wazee watatu wa ukoo waliitwa, akiwamo Bala, kaka yake Moriba, ambaye ndiye msemaji kila mahali. Mkeka ukatandikwa.

Kaniba alikuwa kwenye kivuli cha jiko, anabangua karanga. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na kitambaa cheupe kilikuwa kimezungushwa kichwani kufunika sikio. Alipomwona Tenin aliweka ungo chini, akaja, akainama kumsalimu kama mtoto mwenye adabu anavyomsalimu mama. Ilibidi Tenin arudie salamu mara mbili, kwa kuwa alimsalimu kutoka upande wa kushoto. Kisha Kaniba akaingia ndani.

Alitoka na mzigo. Kanga mbili, sufuria moja na viatu vya plastiki, vyote vimefungwa kwenye shuka na fundo limekazwa vizuri. Akakaa kizingitini, mzigo mapajani.

"Kaniba," alisema Tenin. "Mimi sijasema kitu bado."

"Najua, mama. Nimeona nisikucheleweshe. Utakuchwewa njiani."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, Tenin angejua pa kumkamatia. Alisema kama mtu anavyosema mvua ikinyesha lazima uanue nguo. Alikuwa ameshamsikia jeli huyu mara mbili, na alijua kuwa akishafungua kinywa hakuna mwanaume wa Sirakoro anayebaki na jibu. Kwa nini apoteze muda?

Tenin aliona aibu. Aliwahi kuona aibu maishani, lakini ndogo ndogo, za kuimba ukoo ukakosea jina la bibi. Hii ilikuwa na uzito. Alitamani kukaa pale chini, avue kilemba, aseme amechoka, watafute mtu mwingine. Lakini mtu mwingine yupo siku zote, na huyo naye angekuja na asali yake.

Bala alikohoa. "Jeli, tunakusikiliza."

Tenin aliweka kola katikati ya mkeka, akasimama. Kama desturi, mzee mmoja aliketi kuitikia, kwani neno la jeli halitembei bila mwitikiaji.

"Samake," alianza Tenin.

"Naamu," alisema mwitikiaji.

"Wana wa tembo, watu wa ahadi."

"Naamu."

"Nimetumwa na Zumana Dembele, kwenu wakwe zake."

"Naamu."

"Zumana anasema." Maneno aliyoyapika yalikuwa tayari yote kinywani. Alimtazama Kaniba, ambaye hakuwa anamtazama, alikuwa anakaza fundo lililokwisha kukazwa. Tenin akayameza. Akachukua sauti ya Zumana, ile kavu ya dukani. Jeli aliyefunzwa anaweza kuibeba sauti ya mtu kama anavyobeba jina lake, ila Tenin hakuwahi kuitumia sanaa hiyo mbele ya wakwe. "Anasema, ng'ombe wanne nimetoa mimi. Sikuwatoa ili nipate mgeni wa kuja na kuondoka."

"Naamu," alisema mwitikiaji, kwa shaka.

"Anasema, mtama umekomaa, wavunaji wanaanza Alhamisi, na hakuna wa kuwapikia. Alhamisi nimkute jikoni."

Mwitikiaji alifungua kinywa, akakifunga.

"Anasema, kama anarudi na kilio chake, aje nacho tu, nitampa cha kulilia. Sikio bado analo moja." Tenin akairudia sauti yake mwenyewe. "Nimemaliza."

Kaniba alikuwa ameinua kichwa, amekigeuza ili sikio zima lielekee kwa wazee.

"Kuyate," alisema Moriba polepole. "Hayo ni maneno ya nani?"

"Ya mkweo."

"Yote?"

"Yote. Aliniambia niyatengeneze njiani. Sikuyatengeneza."

Bala alipiga paja. "Mjumbe hauawi, sawa! Lakini mjumbe naye ana adabu yake! Jeli gani anakuja kumwaga mambo hivi mbele ya watu, kama maji machafu? Kazi yako ni kupatanisha!"

"Nimepatanisha mara mbili, Samake. Mmeona nilichokipatanisha." Akaonyesha kwa kidevu, kule kizingitini.

Wazee walitazama kule, kisha wakatazama chini. Moriba alikuwa anapapasa ukingo wa mkeka kwa vidole. Alimpenda binti yake, hilo kila mtu alilijua. Lakini alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu, na kumkatalia jeli wa Dembele hakuwahi kukuota hata katika ndoto zake. Alikuwa amemrudisha mara mbili kwa woga huohuo, huku akiuita heshima.

Bala alisogea mbele, sauti ameilainisha. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo, amalize akale. "Sikiliza, Mama Jeli. Kijana ana hasira, hasira ni hasara, tumemsikia. Wewe piga magoti tu hapo, tumalize. Ukipiga magoti sisi tutasema nini? Hakuna atakayetulaumu, wala yeye, wala dunia."

Ni kweli. Magoti yangewaokoa wote. Moriba asingelazimika kukataa, Bala angekula, Zumana angepata mpishi wa wavunaji, na Tenin angebaki na shamba lake na bati lake. Wazee watatu walimtazama wakingoja ashuke. Hata Moriba alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na ombi ambalo Tenin hakutaka kulisoma.

"Sipigi," alisema.

"Kwa nini?"

"Kola nilipewa, nimeileta. Maneno nilipewa, nimeyasema. Magoti ni yangu."

Bala alianza kusema kitu, lakini Moriba aliinua mkono. Ilikuwa ajabu kumwona mzee yule akimnyamazisha kaka yake. Sidhani kama aliwahi, na Bala mwenyewe alishangaa hata akatii. Moriba aliunyoosha mkono wake, akakisukuma kifurushi cha kola juu ya mkeka, taratibu, mpaka kikagusa miguu ya Tenin.

"Mrudishie," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Kaweke mzigo wako ndani, mwanangu. Na unisamehe."

Kola ilikuwa imerudi. Tenin aliinama, akaiokota mwenyewe. Alijua kuwa jioni ataiweka mbele ya Zumana, na kabla ya wiki kwisha Zumana atakuwa na jeli mwingine, na huyo jeli ndiye atakayelima shamba lile. Alijua pia watakavyosema sokoni: Tenin amezeeka, ulimi umepinda kama wa mumewe. Alitegemea kwamba angalau moyo ungekuwa mwepesi. Haukuwa. Alikuwa amechoka vilevile kama alivyoamka.

Kaniba alimsindikiza mpaka kwenye mkokoteni, amembebea mfuko, kama mgeni anavyosindikizwa. Walitembea kimya, Tenin upande wa kulia ili asikike. Ntyi alikuwa mbele, anamfunga punda lijamu. Tenin alidhani binti atashukuru, na alikuwa anaandaa jinsi ya kumzuia asishukuru.

"Mama," alisema Kaniba. "Mara ile ya mkono."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulisema yeye amesema, tangu niondoke anakaa mlangoni pa jiko kila jioni. Hawashi moto. Anakaa tu, anasema labda nitatoka na sufuria."

"Nilisema hivyo."

"Alisema hivyo?"

Kulikuwa na majibu mengi. Tenin alikuwa nayo, mazuri, ya kila rangi. Angeweza kusema mwanaume hayasemi hayo kwa mdomo bali kwa macho. Angeweza kusema mambo ya zamani yaachwe.

"Hapana," alisema.

"Alisema nini?"

"Alisema, kaulize kama mkono umeunga, mchi unaweza kuushika."

Kaniba alisimama. Mfuko wa Tenin alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Yale ya mlangoni niliyashika kwa moyo," alisema. "Kila akinipiga, nayarudia. Najiambia, huyu si yeye, yeye ni yule aliyekaa mlangoni pa jiko. Hata juzi. Damu inatoka, nayarudia." Alimtazama Tenin, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni. "Kumbe hakuwapo mtu pale. Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi, mwanangu."

Kaniba aliuweka mfuko juu ya mkokoteni, akaufuta vumbi kwa kiganja, akageuka, akashika njia ya kwao. Hakumwombea safari njema, na Tenin hakuthubutu kusimama kuingojea dua hiyo.